Jicho la Jirani: Picha ya Sam Ntiro na Mtazamaji wa Mpanda

Picha huchorwa mara moja, lakini hutazamwa mara nyingi, na kila ikitazamwa huwa kama imechorwa upya katika akili ya mtazamaji. Kwa sababu hiyo haitoshi kuuliza ni nani aliyeichora na ni lini. Hapana budi kuuliza pia ni nani anayeitazama, na ametoka wapi. Katika maandiko juu ya sanaa ya Afrika ya Mashariki watazamaji wawili wamekwisha kusemwa sana. Wa kwanza ni mwenyeji, ambaye kwake picha ni habari ya nyumbani. Wa pili ni mgeni wa Ulaya au Marekani, ambaye kwake picha ni habari ya mbali. Yuko wa tatu ambaye aghalabu husahauliwa, naye ni jirani. Huyu si mwenyeji wa mambo yaliyochorwa, wala hayawii mageni kabisa. Mtu wa Mpanda aliyesimama mbele ya picha ya Mchaga ni jirani wa namna hiyo, na hukumu yake yafaa kusikilizwa.

Picha inayozungumzwa hapa ni kazi ya Sam Joseph Ntiro. Ntiro alizaliwa Machame, katika mteremko wa Kilimanjaro, mwaka 1923. Alisoma Makerere chini ya Bibi Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa huko mwaka 1937. Kisha akaenda katika Shule ya Slade ya London katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1950. Kisha akarudi Makerere kufundisha. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, alipelekwa London kuwa Balozi wa nchi yake, na baadaye akatumika katika kazi za utamaduni na ualimu. Alifariki mwaka 1993. Mwaka 1956 alichora kwa rangi ya mafuta picha ambayo jina lake la Kiingereza laweza kugeuzwa hivi: Wanaume Wakimpelekea Bibi Harusi Pombe ya Ndizi Usiku. Ni picha ndogo. Upana wake hauzidi sana dhiraa moja, na kimo chake ni pungufu ya upana. Mwaka 1960 ilinunuliwa na Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York, jumba lile lile linalohifadhi kazi za Picasso na Matisse, na hata leo ni mali yake.

Mwaka uo huo wa 1960 Mpanda ilikuwa na habari nyingine. Mgodi wa risasi, ambao kwa ajili yake tawi la reli la kilomita 210 hivi lilijengwa kutoka Kaliua na kufunguliwa mwaka 1950, ulifikia mwisho wake. Basi katika mwaka mmoja kazi ya mikono ya mtu wa kaskazini mwa Tanganyika iliingia katika jumba kubwa la mji mkubwa, na kazi ya mikono ya watu wengi wa magharibi ikasimama. Mambo haya mawili hayakusababishana, lakini yaonyesha jinsi nchi moja ilivyoweza kuwa na sura mbili, na jinsi mtu wa upande mmoja alivyoweza kuishi bila ya kusikia habari za upande wa pili. Migomba si sura ya nchi ya Mpanda. Sura ya nchi ile ni misitu ya miyombo, mizinga ya nyuki juu ya miti, mbuga za mto Katuma, na viboko wanaosongamana katika madimbwi wakati wa kiangazi. Mtu atokaye huko kwa gari la moshi hufika Kaliua, akaungana na reli ya kati, akapita Tabora na Dodoma mpaka Dar es Salaam. Na hapo safari ya kwenda kuitazama picha ya Ntiro ndiyo kwanza ianze.

Hata hivyo nchi hii ya magharibi ilikuwa na uhusiano na majumba ya makumbusho kabla Ntiro hajazaliwa, ila ulikuwa uhusiano wa uchungu. Mwaka 1879 Wabelgiji wa Shirika la Kimataifa la Afrika, lililoanzishwa na Mfalme Leopold wa Pili, walijenga ngome Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mahali palipo leo katika Mkoa wa Katavi. Mwaka 1882 ngome hiyo ilishikwa na askari aitwaye Émile Storms. Mwaka uliofuata alianzisha kituo kingine Mpala, ng'ambo ya ziwa. Na Desemba 1884 watu wake walimshambulia Lusinga, mtawala wa Kitabwa katika milima ya Marungu. Lusinga aliuawa na kichwa chake kikakatwa. Fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji. Sanamu ya mti ya wahenga wake ilipelekwa vile vile, na leo imo katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels. Wataalamu wa sanaa wameisifu sana sanamu ile kwa utulivu wake na kwa ustadi wa nakshi zake. Jina la aliyeipora lajulikana, na jina la aliyeporwa lajulikana. Jina la aliyeichonga halijulikani.

Habari hii ni ya lazima kwa mtu atakaye kupima uzito wa ununuzi wa mwaka 1960. Jumba la New York lilifunguliwa mwaka 1929, na mwaka 1935 lilifanya maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika. Vitu mia kadhaa vilikusanywa: sanamu, vinyago, viti, na vyombo. Vilisifiwa kwa kuwa vilikuwa vimewafunza wachoraji wa Paris njia mpya ya kuliona umbo la mtu. Lakini waliovifanya hawakuwa na majina; jina la kabila lilikaa mahali pa jina la mtu, kana kwamba kabila zima hushika patasi kwa mkono mmoja. Mwafrika aliingia katika jumba lile kama chemchemi, wala hakuingia kama mchoraji. Miaka ishirini na mitano baadaye picha ya Ntiro iliingia ikiwa na jina la mtu, mwaka wa kazi, na kichwa cha habari alichokichagua yeye mwenyewe. Hilo si jambo dogo. Ni tofauti kati ya kuchukuliwa na kukaribishwa.

Walakini jina peke yake si ufahamu. Mgeni anayefika mbele ya picha hii huanza kwa kusoma kibandiko kilicho kando yake. Kibandiko humwambia kwamba ni usiku, kwamba wanaokwenda ni wanaume, kwamba wamechukua pombe ya ndizi, na kwamba huko waendako yuko bibi harusi. Akisha kujua hayo, hudhani amekwisha kujua picha. Kisha huipa sifa ambazo hazikosekani katika maandiko ya wageni juu ya Ntiro: kwamba ni ya kijijini, kwamba ni nyofu, kwamba haina hila. Sifa hizi ni za nia njema, lakini zina sumu ndogo ndani yake. Mtu aliyesoma Makerere na Slade, aliyetazama kazi za mafundi wakubwa katika majumba ya London, hakuacha hila kwa kutoijua. Aliiacha kwa kuichagulia mahali pake. Kumwita mnyofu ni kumnyima sifa ya uamuzi wake.

Mwenyeji naye ana kosa lake. Mchaga haambiwi mbege ni nini. Anajua kwamba hupikwa kwa ndizi mbivu na ulezi, na kwamba mashauri ya posa na ndoa hayaendi kwa mdomo mkavu. Haulizi wanaume wale wanakwenda wapi, maana yeye mwenyewe, au baba yake, amekwenda njia ile. Lakini ujuzi huu waweza kuwa pazia. Mwenyeji huiona pombe asione rangi. Huipima picha kwa usahihi wa desturi, akauliza kama vyombo ndivyo na kama wachukuzi ni wa upande ufaao, kama mzee anayekagua mahari. Akiridhika, husema picha ni ya kweli. Asiporidhika, husema ni ya uongo. Katika hukumu zote mbili mchoraji amegeuzwa kuwa shahidi tu.

Hapa ndipo faida ya jirani inapoonekana. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, na methali hiyo yafaa katika uhakiki kama ifaavyo katika ukarimu. Mtu wa Mpanda, awe Mbende, Mpimbwe, au Mkonongo, hakukua katika migomba. Pombe anayoijua ni ya nafaka, au wanzuki iliyotengenezwa kwa asali ya miyombo. Lakini anajua kwamba pombe inayopelekwa kwa wakwe si kinywaji tu. Ni neno lililotiwa katika chombo. Anajua kwamba hatua ya mtu anayekwenda kwa wakwe si hatua ya mtu anayekwenda shambani. Basi hana haja ya kibandiko ili aelewe heshima ya safari ile, wala hana ukaguzi wa desturi wa kumzuia asiitazame picha kama picha. Amepungukiwa na jambo moja tu, nalo ni mazoea. Na kupungukiwa na mazoea mara nyingi ni mwanzo wa kuona.

Jambo la kwanza atakaloliona ni mzigo. Wakonongo ni jamaa wa karibu wa Wanyamwezi, na Wanyamwezi walivuma katika karne ya 19 kwa kazi ya upagazi. Misafara ya pembe za ndovu iliyotoka bara kwenda Tabora, na kutoka Tabora kwenda Bagamoyo, ilikwenda kwa mabega na vichwa vya watu wa magharibi. Wazungu waliosafiri wakati ule waliwachora watu hao katika vitabu vyao: wanaume wenye mizigo, mmoja nyuma ya mwingine, nao bwana wa safari mbele yao au kando yao. Kwa muda mrefu picha iliyojulikana zaidi duniani ya mwanamume wa Afrika ya Mashariki ilikuwa hiyo, picha ya mtu aliyechukua mali isiyo yake kwenda mahali asipopachagua.

Ntiro alichukua jambo lilo hilo, wanaume njiani na mizigo yao, akaligeuza maana. Mzigo huu haukupakiwa na tajiri. Hakuna posho mwishoni mwa safari, wala hakuna msimamizi. Wanaume hawa wamechukua mali yao wenyewe, kwa hiari yao, kwenda mahali wanapotazamiwa. Mgeni hawezi kuona ugeuzi huu kwa urahisi, maana kwake yeye Mwafrika mwenye mzigo ni jambo la kawaida kitabuni. Mwenyeji hauoni, maana Kilimanjaro desturi ya kupeleka pombe ni kongwe na haihitaji kulinganishwa na kitu. Mtu wa Mpanda, ambaye babu zake huenda walichukua pembe kwa ujira wa nguo, ndiye anayeweza kusema: huu ni mzigo wa heshima, na ule ulikuwa mzigo wa ujira. Haikosi kwamba Ntiro hakuwawazia Wakonongo alipokuwa akichora. Lakini picha njema hubeba zaidi ya kile alichoiwekea mwenyewe.

Jambo la pili ni usiku. Katika nchi ya Katavi usiku una wenyewe. Vijiji viko mbali, msitu uko kati yake, na simba na tembo hawajui mpaka wa hifadhi. Mtu hatembei usiku ila kwa haja kubwa. Basi mtazamaji wa huko, anapoona watu wanakwenda usiku kwa furaha, hushangaa kwanza, na mshangao wake una maana. Katika nchi ya migomba nyumba ziko karibu karibu, na njia hupita baina ya viunga vya watu wanaojuana. Usiku wa huko si pori, ni ua mkubwa wa kijiji. Kwa hiyo giza alilolichora Ntiro si giza la hofu. Ni giza la siri njema, kama kitambaa kinachofunika zawadi mpaka ifike. Somo hili jirani hulipata kwa kulinganisha, na kwa kulipata huelewa kwamba usiku si kitu kimoja katika nchi zote. Picha imemfundisha nchi nyingine, na papo hapo imemfanya aione nchi yake.

Jambo la tatu ni nyuso. Katika kazi za Ntiro kwa jumla watu ni wadogo mbele ya nchi, na nyuso zao hazikufafanuliwa. Kanuni ya Ulaya ya kuonyesha umbali, ambayo kwayo vitu hupungua kadiri vinavyokwenda mbali, haikupewa utawala katika picha zake. Bibi Trowell hakutaka wanafunzi wake waige picha za Kizungu. Aliwasimulia habari, akawaachia wachore yale waliyoyaona ndani ya fikira zao. Wako waliosema kwamba njia hii iliwafunga wanafunzi katika utoto, na kwamba aliyewakataza kuiga Ulaya aliwakataza pia kuchagua. Shitaka hili si la kupuuzwa. Lakini Ntiro alipata nafasi ya kuchagua, maana alikwenda Slade, akaona yote, akarudi na mkono wake ule ule. Na katika picha hii mkono ule una haki kamili. Usiku watu hawatambuliwi kwa sura. Hutambuliwa kwa mwendo, kwa kimo, kwa namna ya kushika chombo. Mchoraji aliyeficha nyuso za watu gizani alichora ukweli wa giza.

Hata hivyo uhakiki wa haki hauwezi kukomea hapo. Kinachofaa usiku si lazima kifae mchana. Katika picha zake za kazi za mashambani, ambazo ni nyingi, watu wasio na nyuso hufanana mno, na kufanana huko kwaweza kuwa desturi ya mkono badala ya kuwa uamuzi wa jicho. Mtu katika kundi hukosa kuwa mtu. Mtazamaji wa Mpanda aliyejua habari ya sanamu ya Lusinga ana sababu ya kuwa mwangalifu katika jambo hili. Kama ni kosa jumba la makumbusho kuliweka kabila mahali pa mtu, ni kosa pia, ingawa ni dogo zaidi, mchoraji kukiweka kijiji mahali pa watu wake.

Liko shitaka kubwa zaidi. Mwaka 1956 Tanganyika ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza. TANU ilikuwa na umri wa miaka miwili. Kilimanjaro ilikuwa nchi ya kahawa, vyama vya ushirika, shule, na mabishano ya ardhi. Mpanda wanaume walikuwa mgodini wakichimba risasi isiyobaki kwao. Yako wapi mambo hayo katika picha ya Ntiro? Hayamo. Hamna kodi, hamna kahawa, hamna afisa, hamna njaa. Msomaji mkali aweza kusema kwamba mchoraji alikiosha kijiji kabla ya kukichora, na kwamba jumba la New York lilipenda picha yake kwa sababu haikumsumbua mtu.

Shitaka hili lina nguvu zaidi katika kinywa cha mtu wa Katavi kuliko katika kinywa cha mtu mwingine. Nchi yake imejua vijiji vya namna nyingi. Imejua vijiji vya asili. Imejua vijiji vilivyopangwa kwa amri katika miaka ya 1970, kama sehemu nyingi za Tanzania. Na imejua makazi ya Katumba, yaliyofunguliwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi baada ya mauaji ya mwaka 1972, na ya Mishamo, yaliyoanzishwa mwaka 1978. Watu waliofika huko walikuta msitu, wakaufyeka, wakalima, wakazaa, na wengi wao walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania. Mwaka 2014 vyeti vya uraia vilianza kutolewa. Mtu aliyekulia karibu na makazi hayo hawezi kudhani kwamba kijiji ni kitu kinachoota chenyewe kama uyoga. Anajua kwamba kijiji kimoja huzaliwa na ukoo, kingine na amri, kingine na kukimbia. Akionyeshwa kijiji kisicho na jeraha lolote, ana haki ya kuuliza jeraha limefichwa wapi.

Jibu la swali hilo limo katika picha yenyewe, nalo limo katika neno la mwisho la jina lake. Ntiro angeweza kuchora safari ya harusi mchana, na rangi zake zingepata uwanja mpana zaidi. Alichagua usiku. Katika nchi iliyotawaliwa, mchana ulikuwa na mabwana wengi: ofisi, kodi, shamba la biashara, zamu ya kazi. Usiku ulikuwa sehemu ya siku iliyobaki mikononi mwa watu wenyewe. Huko ndiko walikoposa, walikooza, walikokumbushana wao ni nani. Basi picha isiyomwonyesha mtawala si lazima iwe imemsahau. Yamkini imekwenda mahali ambapo hakuweza kufika. Mchimbaji wa Mpanda, ambaye jua lake lilikuwa limeuzwa, angeielewa maana hii bila ya kuelezwa.

Kwa hiyo hukumu yapasa kugawanywa. Kama kazi ya Ntiro yote ingepimwa kwa swali la jeraha, sehemu yake ingeonekana nyepesi, maana upatano unaorudiwa kila mara hupoteza gharama yake, na upatano usio na gharama ni pambo. Lakini picha hii ya mwaka 1956 haimo katika sehemu hiyo. Giza lake ndilo gharama yake. Furaha iliyomo ndani yake ni furaha inayojua wakati wake, na kujua wakati ni kukiri kwamba ziko nyakati nyingine. Ni picha ndogo yenye uzito mkubwa, na uzito huo haukutoka New York.

Hapo lazuka swali la mwisho, ambalo ni swali la mahali. Karibu na Ziwa Katavi uko mkwaju ambao watu wa huko husimulia kwamba roho ya Katabi, mwindaji wa zamani, inakaa ndani yake. Na Hifadhi ya Taifa ya Katavi imechukua jina lake kwake. Anayekwenda kwenye mkwaju ule huenda na kitu mkononi, huacha sadaka, huomba baraka, kisha huondoka. Mti haung'olewi kupelekwa mjini ili uonekane na wengi. Picha ya Ntiro ni kinyume. Iling'olewa, ikapelekwa mbali, ikatunzwa vizuri kuliko ambavyo ingetunzwa katika nyumba yoyote ya Machame au Mpanda wakati ule. Majumba makubwa yana desturi ya kutundika sehemu ndogo tu ya mali yake, na sehemu kubwa hukaa ghalani. Mtu aweza kusafiri kutoka Katavi mpaka New York akakuta ukuta una kazi nyingine. Jumba limeipa picha maisha marefu, na kwa mkono ule ule limeitenga na macho yanayoijua.

Si haki kulilaumu jumba kwa yote mawili. Lilinunua kwa fedha kile ambacho mwingine, katika Marungu ya mwaka 1884, alikichukua kwa bunduki, na likaliweka jina la mchoraji mahali pake. Lakini pia si haki kwa mwanafunzi wa Tanzania kuona fahari kwa sababu moja tu, kwamba picha ya mtu wa kwao iko New York. Fahari hiyo ni ya mtu anayesifu barua kwa uzuri wa stempu yake. Siku hizi nakala ya picha yaweza kuonekana katika kitabu na katika intaneti, hata Mpanda. Na ingawa nakala haina mguso wa rangi wala kipimo cha kweli, yatosha kwa kuanza mazungumzo. Kinachokosekana si picha tena. Kinachokosekana ni maneno ya kuisemea.

Na maneno hayo ni kazi ya Kiswahili. Mwenyeji ana lugha ya kwao, ambayo ndani yake mbege haihitaji maelezo. Mgeni ana Kiingereza, ambacho ndani yake mbege ni kibandiko. Kiswahili ni lugha ya jirani: lugha ambayo Mchaga na Mpimbwe, Mtabwa wa ng'ambo ya ziwa na Mrundi wa Katumba, wanaweza kuulizana habari za makwao bila ya mmoja kuwa bwana wa mwenzake. Uhakiki wa sanaa katika lugha hii usipojengwa, picha za Afrika ya Mashariki zitabaki na watazamaji wawili tu, mmoja anayezijua mno na mmoja asiyezijua. Ukijengwa, mtu wa Mpanda atasimama mbele ya wanaume wale wanaokwenda usiku, hatauliza kibandiko, wala hatakagua vyombo. Atauliza lile ambalo jirani huuliza akikutana na watu njiani wenye mzigo wa heshima: mnatoka wapi, mnakwenda kwa nani, na je, kuna nafasi ya mtu mmoja zaidi?